Mafundi wa Meza ya Kahawa

King'ora cha banda la nguruwe kilipolia jioni ile, Bodil Jepsen hakushtuka tena. Aliweka chini kisu cha kukatia mkate mweusi, akafunika sahani ya viazi baridi, akatoka. Mumewe Preben alikuwa ameshatangulia mbio, buti moja mguuni na nyingine mkononi, na midomo yake ilikuwa ikisema maneno ambayo mchungaji wa kanisa lao asingependa kuyasikia.

Bandani feni kuu ilikuwa imesimama. Nguruwe walikuwa wameinua pua juu, kimya, na ukimya wa nguruwe si dalili njema. Bodil alifungua milango yote miwili ipitishe hewa, huku Preben akiinama mbele ya kidhibiti mwendo, lile sanduku la kijivu ukutani linalopokea umeme, kuupima na kuupeleka kwenye mota ya feni kulingana na joto la banda. Kwenye kioo chake kidogo palikuwa na maneno yale yale ya jana na juzi: fezi imekosekana upande wa mota. Maana yake, kati ya nyaya tatu zinazotoka kwenye sanduku kwenda kwenye mota, angalau mmoja haukupitisha umeme inavyotakiwa, na sanduku likaamua kujizima kabla halijaungua.

Preben alibonyeza kitufe. Feni ikaanza kuzunguka kama vile haijawahi kuumwa maishani mwake.

"Unaona?" alisema. "Nikifika tu, inapona."

"Basi hamia humu," Bodil akamjibu, lakini hakuwa na hamu ya utani. Redio ilikuwa imetangaza joto kali kuanzia mwisho wa wiki, joto lisilo la kawaida katika kisiwa chao. Jumamosi wote walitakiwa harusini bara, upande wa pili wa daraja. Nguruwe hatoi jasho. Feni ikisimama wakati wao wako mbali wanaimba nyimbo za maharusi, watakaporudi watakuta banda zima limelala, na si usingizi. Na pamoja na nguruwe wangemzika Preben pia, kwa namna yake. Tangu kiwanda kimpunguze kazi, fedha zote alizopewa za kuagwa alizimimina kwenye banda hili la baba yake. Bodil alikuwa akimwona anavyonywea kila king'ora kinapolia, na roho ilimuuma.

Mtu angeuliza, kwa nini wasiite fundi? Swali hilo ni la mgeni. Katika sehemu ile ya nchi, vidhibiti mwendo ndiyo mahindi yao. Kiwanda kinachovitengeneza kiko hapo hapo, nyuma ya mashamba ya shayiri, na hakuna nyumba ambayo haijatoa angalau mtu mmoja wa kufanya kazi humo. Kwa hiyo hakuna mwanaume wa kijiji kile asiyekuwa bingwa wa vidhibiti mwendo. Egon Clausen alikuwa bingwa kwa sababu alivifunga kwenye maboksi mpaka akastaafu. Kaj Matzen alikuwa bingwa zaidi, kwani alipaka rangi vifuniko vyake. Preben peke yake ndiye aliyefanya kazi kwenye chumba cha majaribio, akivipima kimoja kimoja kabla havijatoka. Mtu kama huyo akiita fundi wa kulipwa aje kwake, ni bora atundike bendera nusu mlingoti.

Basi badala ya fundi, waliitwa majirani.

*

Majirani hawaji bure. Kule kusini mwa Jutland, sehemu yao ya nchi, ukimkaribisha mtu kahawa umemkaribisha keki, na ukisema keki umesema meza nzima: za malai, za matunda, za kukauka, na biskuti za kufungia mazungumzo. Bodil aliokota mayai, akakanda, akaoka, na zote alizioka mchana, wakati umeme uko bei ya chini. Kwenye friji alikuwa amebandika karatasi kwa maandishi makubwa: kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa tatu usiku, umeme ghali, zima kila kisichohitajika. Aliisimamia sheria hiyo kwa moyo wake wote. Viazi vilichemshwa saa nane mchana vikaliwa baridi jioni, nguo zilifuliwa alfajiri, na Preben alikuwa ameshanyimwa televisheni wakati wa fainali.

Mtu pekee aliyeipenda sheria hiyo alikuwa baba mkwe, mzee Thorvald. Alikuwa amemkabidhi mwanawe shamba, yeye akabakiwa na nyumba ndogo uani, haki ya kahawa ya saa tisa, na haki ya kutoa maoni, ambayo haikuandikwa kwenye hati lakini aliitumia kuliko zote. Siku hizo maoni yake yalikuwa hayasikilizwi. Kila akianza kusema kuhusu banda, Preben alimwambia, "Baba, kaa tu upumzike, haya mambo ya kisasa." Naye alikaa, mwisho wa meza, akila keki yake kwa adabu.

Egon alifika na mita yake ya kupimia umeme, aliyoinunua dukani kwenye wiki ya bei ya ofa pamoja na nyama ya kusaga. Alinywa kwanza vikombe viwili. Kisha wakaenda bandani, wakatenganisha nyaya za mota, wakawasha kidhibiti peke yake, na Egon akachomeka ncha za mita kwenye matundu ya kutokea umeme. Mita ikasoma namba moja, ikabadili mawazo, ikasoma nyingine, halafu ya tatu isiyofanana na zote mbili.

"Kimekufa," Egon alisema, akavua kofia.

Kaj, aliyekuja naye, alithibitisha kwamba hata rangi yake imebadilika.

Hapa ndipo Bodil alipomtazama mumewe. Alimjua. Aliona jinsi shingo yake ilivyokuwa nyekundu na kidole gumba kinavyosugua mshono wa suruali. Kwa maana Preben alijua, tena alijua vizuri kuliko mtu yeyote kisiwani, kwamba mita ya namna ile haiwezi kupima umeme unaotoka kwenye kidhibiti. Umeme ule hukatwakatwa vipande vidogo vidogo kwa kasi kubwa, na mita ya bei rahisi hudanganyika, ikasema lolote linaloijia. Kwenye chumba cha majaribio jambo hilo ndilo lililokuwa somo lake la kwanza kwa kila kijana mgeni.

Lakini kulisema pale, mbele ya Egon mwenye umri wa kaka yake mkubwa na makombo ya keki kifuani? Angesema vipi: samahani, mimi najua zaidi yenu? Kwa watu wale unaweza kusamehewa ulevi, hata kugongana na gari la jirani. Kujiona unajua kuliko wenzako hakusameheki. Utasalimiwa dukani kwa heshima zote, na jioni ile ile kijiji kizima kitasema, huyu wa kiwandani anajiona.

"Inawezekana," Preben alisema. "Inawezekana kimekufa."

Kesho yake akanunua kipya. Bei yake ilimfanya Bodil akae chini kwanza. Kile cha zamani kikawekwa stoo, juu ya rafu, kikiwa kizima kabisa, kama alivyojua aliyekiweka.

*

Kipya kilifungwa Jumanne, kikaoneshwa kwa majirani, kikanywewa kahawa. Jioni Bodil alikuwa akipaka mkate siagi king'ora kilipolia. Preben hakukimbia safari hii. Aliinuka polepole, akavaa buti zote mbili, akatoka akiwa ameinamisha kichwa. Kioo kipya, king'avu kuliko cha kwanza, kilikuwa kikionesha ujumbe ule ule: fezi imekosekana upande wa mota.

Mzee Thorvald alisimama mlangoni pa nyumba yake ndogo akitikisa kichwa kwa huruma.

"Maskini mwanangu," alimwambia Bodil alipopita. "Kila siku saa hii hii. Mashine hizi hazina utu."

Siku iliyofuata Kaj akatoa hukumu kwamba tatizo ni kebo. Kebo ikang'olewa ukutani, ikatandazwa uani, ikapimwa, ikaonekana haina kasoro, na ikabadilishwa vilevile, kwa kuwa tayari ilishang'olewa na Kaj alishasema. Mota nayo ikapimwa, nyaya zake zote tatu zikalingana. Bodil alioka tena. Mayai ya kuku wake yalikuwa yanaishia kwenye matumbo ya mabingwa. Jioni king'ora kikalia.

Usiku Preben aliongea akiwa amegeukia ukuta. Alisema labda auze nguruwe. Alisema kwamba kiwandani waliona mbali, kwamba kumbe walikuwa na sababu ya kumpunguza. Bodil alimshika bega, akamwambia maneno ambayo mke husema, na hayakusaidia chochote. Asubuhi, Preben alipokwenda kulisha nguruwe, Bodil alichukua simu akapiga kiwandani bila kumwambia mumewe. Aliomba waletewe fundi. Sauti ya upande wa pili ikamwambia atakuja Lone Ravn, kesho Ijumaa.

Bodil akataka kukata simu. Lone alikuwa mwanafunzi wa Preben. Walipopunguza watu chumba cha majaribio, Preben alitoka na Lone akabaki, na kiti anachokalia sasa ni kile kile cha Preben.

*

Lone alifika baada ya saa tisa, wakati meza imeshapangwa na mabingwa wameshakaa, maana habari za gari la kiwanda kuingia uani zilikuwa zimeyatangulia magurudumu. Bodil alimkaribisha kahawa. Lone akasema asante, ataanza na kazi, kahawa baadaye. Egon alisimamisha kikombe hewani. Jambo hilo halijawahi kutokea katika nyumba ile.

Preben alimfuata bandani kama mtoto anayepelekwa kwa mwalimu mkuu. Wengine wakafuata na vikombe vyao, isipokuwa mzee Thorvald, aliyebaki na keki.

Lone alisikiliza habari yote toka mwanzo. Halafu akauliza, kwa upole, "Kile cha kwanza mlijuaje kwamba kimekufa?"

"Tulikitenganisha na mota tukapima," Preben alisema.

"Kwa mita gani?"

Kabla Preben hajafungua mdomo, Egon aliitoa mfukoni kwa fahari, akampa. Lone akaigeuza, akaitazama, akamtazama Preben.

"Wewe?" alisema. "Wewe ndiye uliyenifundisha. Ulinipokonya mita kama hii siku yangu ya kwanza, ukaitupa kwenye pipa mbele ya watu wote."

Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Bodil alitamani ardhi ipasuke, iwameze wawili tu, yeye na mumewe, na kuwaacha wengine na aibu zao. Preben alitazama buti zake. Kaj alikohoa, akasema kwamba kahawa inapoa.

Lone alifanya kazi muda mrefu, bila haraka. Alipima kwa kifaa chake mwenyewe, akakuta umeme unaotoka uko sawa, fezi zote tatu zinalingana. Alipima mota, iko sawa. Kisha alianza kuifuata kebo mpya kwa mkono, kutoka kwenye sanduku, ikapita juu ya mlango, ikatoka nje, mpaka kwenye swichi nyekundu iliyofungwa ukutani karibu na feni, ile ambayo sheria inataka iwepo ili mtu anayesafisha mapanga asije akakatwa vidole.

"Mmebadilisha kidhibiti, mmebadilisha kebo," alisema. "Hii je?"

"Swichi ni swichi," Kaj alisema. "Ama imezimwa ama imewashwa. Na imewashwa, si unaona."

Lone alizima mota kwanza kutoka kwenye sanduku, akakata umeme, akafungua kifuniko cha swichi. Ndani, vipande vya shaba vilivyotakiwa kung'aa vilikuwa vyeusi kama kitako cha sufuria.

"Hivi haviungui vyenyewe," alisema. "Kuna mtu anaizima hapa wakati mota inazunguka. Tena si mara moja. Akizima, cheche zinaruka humu ndani, na kidhibiti kule kinakuta mota imetoweka ghafla. Kitasema nini? Kitasema fezi imekosekana. Kinasema kweli."

Egon alivua kofia, akaivaa tena. Akasema inaweza kuwa unyevu, maana mwaka huu kuna unyevu mbaya. Kaj akasema panya, anawajua panya. Wote walikuwa wakijitahidi, kwa wema wa watu wa pale, kutafuta mkosaji asiye na jina. Bodil alitazama saa yake. Alikuwa amekumbuka karatasi ya friji.

Mlango wa nyumba ndogo ukafunguka. Mzee Thorvald alitoka amevaa kofia yake na viatu vya mbao, akavuka ua kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli. Alisalimia kila mmoja kwa jina. Alipofika kwa Lone akamgusa kiwiko.

"Nipishe kidogo, binti. Saa yangu imefika."

"Saa ya nini, Baba?" Bodil aliuliza, ingawa alishajua.

"Ya umeme ghali. Si uliandika mwenyewe? Zima kila kisichohitajika." Akaikuta swichi iko wazi, akashangaa. "Nani kaifungua hii?"

Preben aliongea taratibu sana, kama anayebeba mayai. "Baba. Unaizima feni?"

"Saa kumi na moja kamili. Wakati wangu nguruwe walikula upepo wa dirishani na hawakulalamika. Lakini ninyi na mashine zenu! Nikishazima tu, nasikia king'ora, nakuona unakimbia, najua huko ndani kumekuharibikia tena. Basi nakuwashia haraka upate umeme wa kufanyia kazi." Alimshika mwanawe mkono. "Sijakuacha gizani hata siku moja."

Egon alitazama angani. Kaj alianza kuhesabu mbayuwayu.

"Lakini kwa nini hukutuambia?" Preben aliuliza. Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imekwisha tu.

Mzee alionekana kuaibika. "Ningesemaje? Nije mezani nitangaze kwamba ninyi wote mmelala, ninayebana matumizi hapa ni mimi peke yangu? Watu wangesema najisifu."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa watu wa pale, na sababu hiyo waliielewa yote. Aliyeielewa kuliko wote alikuwa Preben, maana ndiyo iliyomnunulisha kidhibiti cha pili.

Mzee Thorvald alimgeukia mkwewe, na macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyekuwa akisubiri swali hili kwa siku nyingi. "Hebu niambie, mama. Tumeokoa kiasi gani?"

Bodil alifikiria kidhibiti kipya, kebo mpya, gari la kiwanda uani, na mayai. Alimfikiria mzee huyu aliyeambiwa akae apumzike mpaka akajitafutia kazi kwenye karatasi ya friji, kazi pekee iliyobaki katika shamba alilolilima yeye.

"Kingi, Baba," alisema. "Kingi sana."

*

Lone alifunga swichi mpya. Preben alitaka aiwekee kufuli ibaki imewashwa daima, Lone akakataa, kwa sababu lazima mtu aweze kuizima siku mapanga yakimnasa mtu. Ndipo Bodil akasema kufuli haihitajiki. Alileta kiti kutoka jikoni, akakiweka chini ya swichi, akamwambia baba mkwe kwamba kuanzia leo, saa za umeme ghali, swichi hii iko mikononi mwake: asiiguse mtu yeyote, hata yeye mwenyewe, mpaka saa tatu. Mzee aliuliza kama jambo hilo litaandikwa. Likaandikwa, likabandikwa kwenye friji. Jumamosi alikataa kwenda harusini. Alikaa chini ya swichi yake na chupa ya kahawa, joto likawaka mpaka lami ikalainika barabarani, na feni ilizunguka.

Jumatatu saa tisa mabingwa walikuwa mezani. Egon alikata kipande cha keki ya malai, akakitazama, akasema kwamba yeye, kusema kweli, alihisi tangu mwanzo kuwa ni swichi.

Kidole gumba cha Preben kilikuwa kwenye mshono wa suruali. Bodil alikiona kikisugua, halafu akakiona kikiacha.

"Hapana, Egon," Preben alisema. "Ulisema kidhibiti kimekufa. Kiko hai stoo. Mita yako haiwezi kupima umeme wa namna ile, na mimi nilijua wakati ule ule unapima. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu."

Kijiko cha Kaj kiligonga sahani. Nje ilisikika feni, na ndani hakuna mtu aliyetafuna. Egon alifunga kifungo cha koti, akakifungua, akasema kwamba ana kuku wa kutazama, ingawa watu wote walijua hafugi kuku.

Mzee Thorvald alitazama saa, akavaa kofia mapema kuliko ilivyohitajika, akaanza safari ya kwenda kazini. Alipopita nyuma ya kiti cha mwanawe alisimama.

"Ungesema hivyo tangu siku ile," alimwambia, "tusingenunua hilo sanduku la pili. Mimi nabana matumizi huku, wewe unamwaga kule."

Akatoka. Preben alimtazama mkewe, mdomo wazi, na Bodil akainamia birika la kahawa, mabega yakimtetemeka, akacheka mpaka machozi yakamtoka.